Wale Watu wa Gari Walikuja kwa Sababu Yangu

Dar es Salaam,
Juni 1999

Mpendwa Mawe, mama yangu,

Amahoro, amani iwe kwako. Nakusalimu kwa heshima zote, na kabla Kaka Filimoni hajaendelea kukusomea, mwambie aache haraka zake. Asome polepole, na ukimwambia arudie, arudie bila kununa.

Goti linaendeleaje? Yale majani aliyokuletea shangazi kutoka Muyama yamesaidia, au bado unainuka kwa kushika ukuta? Maharage mmeshavuna? Nimesikia mvua za huko juu zilikatika mapema mwaka huu, nikawaza lile shamba la bondeni. Na kahawa nayo, sijui imekaaje. Niandikie yote, hata yale unayodhani ni madogo.

Huku hatujambo. Mkweo Meshaki anaendelea kufundisha, jioni anarudi na chaki mpaka kwenye nyusi. Mjukuu wako Neema ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa akisema "sisi" unacheka mpaka unalia. Ile tangawizi uliyotutumia tunaiweka kwenye chai kidogokidogo ili isiishe. Majirani wanauliza, hii mnanunua soko gani? Nawaambia soko lake liko mbali, nauli hamtaiweza.

Barua ya Kaka imenifikia. Mzee Saidi wa dukani Kasulu mjini aliipeleka posta mwenyewe, mpe asante yangu. Kaka ameandika kwamba tangu wale watu wawili waje na gari, huli vizuri. Kwamba umehamisha kigoda chako na kukiweka nyuma ya nyumba ili usiione barabara, na gari lolote likipita kuelekea Kasulu unaacha unachofanya na kusikiliza. Nilipofika hapo nikashindwa kuendelea. Meshaki ndiye aliyenimalizia.

Mawe, wale watu walikuja kwa sababu yangu. Hawakuja kwa ajili ya shamba, wala kwa ajili ya Filimoni, wala yale ya mwaka juzi hayajarudi. Hakuna anayekuja kukupakia kwenye lori. Nataka nikueleze yote tangu mwanzo, na nakuomba usikilize mpaka mwisho kabla hujaanza kulia, maana mwisho wake si mbaya.

Najua kwenye jumuiya unawaambia kwamba natengeneza redio za serikali. Si mbali sana na ukweli, ila si redio. Unaikumbuka jenereta ya misheni, ile iliyokuwa ikinguruma mpaka masista wamalize sala? Fundi akitaka mwanga anaiwasha, akitaka kulala anaizima. Umeme wa huku unatoka kwenye mabwawa ya mbali, unapita kwenye nyaya juu ya milima na mapori, na swichi zake ziko mikoa mingi. Kuna swichi ambazo ukisimama karibu nazo unajiona mdogo kama uko mbele ya mlango wa kanisa. Zamani kila kituo kilikuwa na mtu wa kuzifungua na kuzifunga. Siku hizi kuna chumba kimoja hapa mjini, watu wanakaa mbele ya kompyuta, akibonyeza mtu hapa, swichi inafunguka kule.

Sasa fikiria mtu asiyehusika akiweza kuingia kwenye hizo kompyuta. Hahitaji bunduki. Akiwa amekaa kwenye kiti anaweza kuzima hospitali, pampu za maji, viwanda, kila kitu. Kazi yangu ni kuhakikisha haingii. Mwaka jana, watu walipoanza kuogopa kwamba mwaka elfu mbili ukifika kompyuta zitachanganyikiwa, wizara iliunda kitengo cha kuzilinda kompyuta za umeme na mafuta, nikafanywa mkuu wake. Sikukuandikia kwa kishindo kwa sababu cheo ni kikubwa lakini ofisi yenyewe ina feni moja na watu wachache, na nilitaka kwanza nione kama nitaiweza.

Katika kukagua, nikakuta kitu kilichonikosesha amani. Kampuni ya nje iliyofunga zile kompyuta ilikuwa imeacha kisanduku kidogo kinachoziunganisha na waya wa simu. Mafundi wao, wakiwa kwao ng'ambo, walikuwa wanapiga simu, kompyuta inapokea, wanaingia ndani na kurekebisha bila kupanda ndege. Ni jambo la msaada. Lakini neno la siri la kuingilia lilikuwa jina la kampuni yenyewe, halijabadilishwa tangu siku ya kwanza. Mtu yeyote mwenye ile namba ya simu na akili kidogo angeingia.

Nikamwendea Mkurugenzi wangu, Bwana Mwakalobo. Si mtu mbaya, Mawe, utaona. Nikamwambia, "Mzee, ule waya uchomolewe leo. Wakitaka kuingia, watuombe kwanza, tuwaunganishe, wakimaliza tunachomoa."

Akasema, "Leokadia, mkataba unasema wawe na njia ya kuingia muda wote. Ukichomoa, mitambo ikiharibika watasema ni sisi."

"Na akiingia mtu mwingine?"

"Nani huyo? Nani Tanzania hii anajua mambo hayo zaidi yako?"

Alisema kwa utani, tukacheka wote wawili. Baadaye yale maneno yalinirudia vibaya.

Haikupita muda mrefu. Alasiri moja nikiwa ofisini taa zikazimika. Hapa kukatika kwa umeme si ajabu, watu walitoka tu nje kupunga upepo. Lakini mkuu wa zamu wa kile chumba, Bwana Shomari, akanipigia simu, sauti yake imepanda. "Mama, swichi zinafunguka zenyewe. Hakuna aliyegusa kitu. Vijana wangu wote wameinua mikono juu ya meza nawaona, na zinafunguka moja baada ya nyingine."

Nilipofika, zilikuwa zimeacha. Walianza kuzirudisha kwa mkono, kituo baada ya kituo, na nusu ya mji ilikaa bila umeme mpaka jua likaanza kushuka. Jirani yangu hapa ni muuguzi wa wodi ya watoto njiti. Jioni ile aliniambia jenereta yao iligoma kuwaka mara ya kwanza, na mashine za kuwapasha joto wale watoto zikapoa. Wauguzi wakafungua vifungo vya magauni yao, kila mmoja akamweka mtoto kifuani, wakajifunika kanga, wakawa wanatembea nao huku fundi anahangaika na jenereta. Watoto wote walipona, Mungu ni mwema. Lakini alipokuwa ananisimulia, yeye akijua mimi ni mtu wa kompyuta tu, nilitamani ardhi inimeze. Mlango ule nilikuwa nimeuona.

Kesho yake nikaandika kwa wakubwa kwamba mtu ameingia kwa njia ya simu, na kwamba waya uchomolewe sasa hivi. Badala ya kujibiwa, nikaitwa. Kulikuwa na watu nisiowajua. Mmoja akaniuliza, "Ulijuaje mapema kwamba hili litatokea?"

Nikasema, "Sikujua litatokea. Nilijua linawezekana."

"Ni nani mwingine alijua namna ya kufanya?"

Bwana Mwakalobo alikuwa ameinamisha uso. Mtu wa pili akafunua jalada langu akasoma kwa sauti: mahali pa kuzaliwa, Burundi. Hakuna aliyetukana. Lakini niliona jinsi nilivyobadilika machoni pao, kutoka mfanyakazi mwenzao hadi kitu kingine. Nikawaeleza kwamba nililetwa nikiwa mchanga, kwamba marehemu baba alipata uraia na sisi watoto tukaandikwa chini yake, na hati iko. Wakasema wanajua, ila wanafanya uchunguzi, na wakati wa uchunguzi nikae nyumbani. Nikasimamishwa kazi. Nikakabidhi funguo, nikatoka na kikombe changu cha chai na picha ya Neema.

Sitakuficha jinsi nilivyojisikia. Nilifanya usafi. Nilifua mapazia, nikapiga sakafu deki mpaka Meshaki akasema nitaitoboa. Ofisini hakuna aliyekuja kunijulia hali. Mwanamke mmoja tuliyekuwa tukila naye mchana kila siku alinikuta sokoni akageukia nyanya, akazichagua kama mtu anayetafuta dhahabu. Neema alinisikia nikimwambia baba yake neno "Mrundi", akauliza, "Mrundi ni nani?" Meshaki akamjibu, "Ni bibi yako anayetuletea tangawizi." Mtoto akasema, "Basi ni mtu mzuri," akaenda kucheza.

Ni katika siku hizo walipokuja kwako. Naelewa ulivyoliona lile gari. Mwaka juzi uliona kwa macho yako majirani zetu wa karibu na kisima, wenye kahawa yao na watoto waliozaliwa palepale kijijini Nyakitonto, wakipandishwa kwenye lori kupelekwa kambi ya wakimbizi kwa sababu baba yao alivuka mto kutoka Burundi. Ulinusurika kwa hati ya marehemu baba uliyokuwa umeifunga kwenye kitenge kiunoni. Halafu wanakuja wanaume wawili wenye viatu vya kung'aa, wanauliza, "Mama, huyu Leokadia ni mwanao? Alizaliwa wapi?" Mtu mwingine yeyote angeona ni swali. Wewe uliona lori.

Nilikuwa sijajua ulichowajibu. Nilikuja kukijua baadaye, mbele ya watu.

Kabla ya hapo kikatokea kingine. Nilipokuwa nakabidhi, nilimvuta Bwana Shomari pembeni nikamwambia, "Ikitokea tena, usimpigie mtu. Usiombe ruhusa. Nenda kwenye kile kisanduku, chomoa waya wa simu ukutani." Akasema, "Watanifukuza." Nikasema, "Labda. Lakini umeme utabaki." Nikaondoka nikidhani nimepoteza maneno.

Ikatokea tena. Ilikuwa mchana, mimi nipo nyumbani kwangu nachambua mchele, nyumba isiyo na simu wala kompyuta, na mtu wa wale wachunguzi amekaa kwenye duka la jirani ananiangalia kama alivyofanya tangu nilipoondoka kazini. Swichi zikaanza kufunguka. Bwana Shomari aliniambia baadaye kwamba alisimama, akamtaja Mola wake, akaenda akachomoa. Zikaacha hapohapo. Mji karibu wote ulibaki na umeme.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi sikumwambia. Alichukua simu ya kawaida ya mezani, akaichomeka kwenye ule waya, akakaa kuisubiri. Ikaita. Akapokea, akasikia mlio wa mashine, kama bati linavyokwaruzwa. Akakata. Ikaita tena, mlio uleule. Mara ya tatu ikaja sauti ya mtu, mzungu, amekasirika, anauliza kwa Kiingereza kwa nini mashine ya mazoezi haipokei.

Shomari akamuuliza, "Mashine gani ya mazoezi?"

Akasema, "Ile ya kufundishia wafanyakazi. Nimo katikati ya kujaribu programu mpya, nazima na kuwasha swichi za kuigiza, mmenikatia."

Shomari akamwambia, "Ndugu, hizo swichi si za kuigiza. Umezima mji wetu."

Anasema yule mtu alisema kwa sauti ndogo, "Mungu wangu. Mara ile nyingine pia?"

Ndivyo ilivyokuwa, Mawe. Hakukuwa na adui. Kulikuwa na kompyuta mbili, ya kazi na ya kufundishia, kila moja na simu yake, na mtu fulani siku fulani alibadilisha waya hizo bila kumwambia mtu. Fundi wa watu akawa anacheza na umeme wa nchi nzima akidhani anafanya mazoezi. Nilipopata habari hizi sikufurahi kama utakavyodhani. Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma nikajiuliza: Angekuwa mtu mwenye nia mbaya, angetufanya nini?

Nilidhani sasa wataniita nirudi. Waliniita, ndiyo, lakini mbele ya kamati. Mwenyekiti alikuwa mzee mstaafu, mpole wa sauti, mwenye koti zito ingawa joto la huku unalijua. Akasema, "Binti, suala la umeme tumelielewa. Hukuhusika, na ulituonya. Sasa limebaki jingine. Wewe umeandika kwamba ulizaliwa Burundi. Vijana wetu wamemwona mama yako. Yeye anasema ulizaliwa Nyakitonto, nyumbani, siku ya mvua kubwa, na mkunga alichelewa kwa sababu mto mdogo ulijaa. Nani kati yenu anasema kweli?"

Mawe, siku ya mvua kubwa! Na mkunga! Nilicheka, halafu kile kicheko kikageuka, nikalia mbele ya wale watu wazima, nikashindwa kujizuia. Nilikuona umesimama mlangoni, umeshika fremu, unawapangia mvua na mkunga na mto uliojaa, ili tu mwanao asiguswe.

Mwenyekiti alisubiri. Akaniletea maji kwa mkono wake mwenyewe. Nikasema, "Mheshimiwa, mimi ndiye niliyesema kweli. Na mama yangu si mwongo."

Mjumbe mmoja kijana kidogo, mkali, akasema, "Hilo haliwezekani. Mmoja amedanganya."

Nikamwambia, "Ndugu yangu, mama yangu alikimbizwa akiwa na mtoto wa siku chache mgongoni. Watu wa kijijini kwao walikuja kuitwa na watu wenye gari, wakaulizwa majina na mahali walipozaliwa, wakajibu ukweli. Hawakurudi. Mume wake alimchukua wakatembea, wakavuka mto Malagarasi kwa mtumbwi uliokuwa unavuja, yeye anayachota maji kwa kibuyu, mimi nimefungwa mgongoni. Wakalima, wakalipa kodi, wakapata uraia, wakasomesha. Halafu mwaka juzi akaona tena magari na maswali yaleyale. Mkimuuliza mtu kama huyo mtoto wako alizaliwa wapi, hajibu swali. Anamficha mtoto."

Yule mkali akasema, "Sawa. Alizaliwa wapi basi huyo mtoto? Mlima gani? Huko kwao vijiji huitwa kwa milima, kila mtu ana mlima wake."

"Sijui," nikasema. "Hajawahi kuniambia. Nikimuuliza huwa anaenda kuangalia moto jikoni."

Akaegemea nyuma akawaambia wenzake, "Mtu asiyejua alikozaliwa ndiye tumkabidhi funguo za umeme wa nchi?"

Hapo machozi yalinikauka. Nikasema, "Funguo mlikwisha kunikabidhi mwaka jana. Mlango niliowaomba mfunge ndio uliobaki wazi. Kama ningekuwa na nia mbaya ningekaa kimya tu, sikuhitaji kufanya kingine chochote. Nami nina nchi moja. Hii. Hiyo nyingine hata mlima wake sijui jina."

Kisha Bwana Mwakalobo, aliyekuwa amekaa mwisho kabisa, akainua mkono. Akasema, "Mwenyekiti, naomba iandikwe kwamba huyu dada aliniomba nichomoe ule waya, nikakataa. Na siku walipomuuliza ni nani mwingine anajua, mimi nilijua jibu la swali lile nikanyamaza, kwa sababu niliogopa kwamba kosa litaniangukia mimi." Sauti ilimkatikakatika. Ni mtu mzima, Mawe, ana wajukuu. Nilikuwa nimemchukia siku nyingi, chuki ikaniishia palepale.

Tukatolewa nje. Tuliporudishwa, mwenyekiti akasema narudi kazini, kwenye nafasi yangu ileile, na kwamba waya za namna ile hazitaunganishwa tena bila idhini ya kitengo changu. Yule mjumbe mkali hakunipa mkono. Si kitu. Wengine walinipa.

Lakini mwenyekiti aliniita kando tukiwa tunatoka. Akasema, "Jalada lako lina maneno mawili yasiyopatana. Mimi nitaondoka, atakuja mwingine asiyekujua, atalifungua, tutaanza upya. Nitawatuma vijana walewale kwa mama yako. Mwandikie kwanza. Mwambie mzee mmoja huku amesema hakuna atakayemnyang'anya kitu, na hakuna atakayemlaumu kwa mvua ile." Alipotaja mvua alitabasamu. Kisha akasema, kama anaongea na nafsi yake, "Mama yangu mimi alikuwa akidanganya umri wangu kila mwaka ili nisichukuliwe kwenda mashamba ya mkonge."

Basi nimerudi ofisini. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kubadilisha maneno yote ya siri, na cha pili ni kukaa na Bwana Shomari kunywa chai. Yule wa nyanya amekuja kunisalimia, nikamwitikia. Sijui kama tutakula pamoja tena. Bwana Mwakalobo alikuja nyumbani Jumapili na mkewe. Alikaa ukingoni mwa kiti hakugusa soda, mpaka nilipomwekea ugali na samaki, migebuka niliyoletewa na mtu wa Kigoma. Akala mpaka akafungua kifungo. Tulizungumza mambo ya shule za watoto.

Mawe, sasa nakuja kwenye ombi langu. Watakuja. Gari lilelile labda, vijana walewale. Filimoni awe nyumbani, na umwite katekista akae nawe ukitaka. Wakaribishe, wape hata maji. Na wakikuuliza, waambie. Usiwape mvua ya Nyakitonto, wape ile yenyewe, kama ilikuwepo. Waambie mlitoka wapi, mlitembea na nani, nani alibaki. Huna kosa hata moja katika hayo.

Najua sikuombi jambo jepesi. Miaka yote hii umenyamaza, na mimi nilidhani ni kwa sababu umesahau. Pale mbele ya kamati ndipo nilipoelewa kwamba umebeba kila kitu peke yako ili mimi nitembee mikono mitupu. Ikiwa itakushinda kuwaambia, basi ishinde, nitapambana na jalada langu mwenyewe, sitakulaumu milele. Lakini ukiweza kuwaambia wao, wageni, basi na mimi uniambie. Mwezi wa nane nimeomba likizo. Nitashuka Kigoma kwa treni, nitapanda gari la Kasulu, nitafika. Safari hii nikikuuliza usiende kuangalia moto. Moto nitauangalia mimi.

Nisalimie wifi yangu, mke wa Filimoni, mwambie kile kitenge alichoniagiza nimekipata. Msalimie shangazi wa Muyama, na mjomba wa Kagerankanda na nyuki wake, kama bado wanamvumilia. Katekista mwambie aniombee. Mzee Saidi, mwambie watu wa huku wanaulizia asali. Na kama kuna mtu wa wale majirani wa kisimani anayekuja kutoka kambini siku za soko, msalimie sana sana kwa niaba yangu, mwambie sijawasahau.

Rudisha kigoda mbele ya nyumba, Mawe. Kaa uione barabara. Nami nitakuja kwa barabara hiyohiyo.

Ni mimi, uliyemvusha,
Leokadia

Nyongeza: Neema ananilazimisha niandike kwamba amejifunza kusema "mwakeye", ile salamu yenu ya asubuhi, na kwamba atakusalimia hivyo hata ukiwa usiku. Pia anauliza huo mlima unaitwaje.